Mbuzi wa Njia Panda

Wiki iliyopita jenereta ya mjukuu wangu ilizimika tena. Ina tabia hiyo: inawaka vizuri, inanguruma kama nusu saa mpaka bati lake linaunguza mkono, kisha inakohoa mara mbili na kufa. Mjukuu, kijana anayejua simu kuliko anavyojua adabu, alikuwa ameshailaani mashine, duka lililoiuza, na mama aliyemzaa mwenye duka. Nikamwambia kutoka kitini kwangu, "Fungua kifuniko ya tangi." Akafungua. Ikatoka pumzi ndefu, fyuuu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni, na harufu ya petroli yenye joto ikanijia usoni.

"Koko, umejua je?" akauliza, na tayari alikuwa ameshika kamba ya kuwashia. Nikamwambia angoje kidogo, asiiwashe. Alinitazama kama tunavyotazamwa siku hizi sisi mabibi wa umri huu, kana kwamba nimesahau sufuria motoni. Sikuwa nimesahau kitu. Shida yangu ni kwamba sijasahau.

Nilizaliwa ng'ambo ya mto Tshopo, upande wa kwenda Bangboka, katika kambi ya wafanyakazi wa bustani ya mboga. Mji ulikuwa bado na jina lile la kizungu, nanyi wa rika langu mnalijua. Mwenye bustani alikuwa Mbelgiji mwembamba tuliyemwita Bwana Saladi, kwa kuwa alilima majani ambayo mama zetu waliyaona ni chakula cha sungura, na kila asubuhi lori liliyapeleka mjini kwenye meza za wazungu wenzake. Papa yangu alikuwa fundi wa mashine pale. Mashine yenyewe ilikuwa moja tu, trakta ndogo ya bustani iliyokuwa nyekundu zamani, kuukuu, yenye kiti cha chuma kilichotobolewa matundu. Wafanyakazi waliiita Mbuzi, kwa sababu ilikwenda ilipotaka na kusimama ilipotaka, na ukiivuta inakutazama tu. Pamoja na kazi hiyo Papa alipewa nyumba ya fundi, ya matofali, yenye mlango wa mbao. Wengine wote kambini walikaa katika nyumba za udongo. Mama alikuwa akiufagia ukumbi wake mara tatu kwa siku, ili wauone.

Hatukuwa watoto wengi. Tulikuwa wawili, mapasa, yaani mapacha, Justin na mimi Justine. Mkiwa mapasa hamna kitu cha mtu mmoja. Mama alitoka upande wa Yahuma, na kwao mapasa hupewa sawasawa, la sivyo mmoja hukasirika na kurudi alikotoka. Sahani mbili za bati, vikombe viwili vya bati, lituma, yaani ndizi za kupondwa, imegawanywa kwa kisu katikati kabisa. Kila ulipoandama mwezi mpya Mama alilowesha kipande cha udongo mweupe akatupaka alama kwenye paji la uso, mmoja kisha mwingine. Alisema alama ile ndiyo inayomfanya pacha amjue mwenzake, hata wakikutana gizani, hata wakiwa wamezeeka. Jambo moja tu halikugawanyika, nalo ni kiti cha Mbuzi. Jioni Papa alipoirudisha mashine bandani, alisogea upande kidogo na kumpakia mmoja wetu kwenye nusu ya kiti iliyobaki. Wawili hatukuenea. Basi tulikwenda kwa zamu, leo mimi kesho Justin, na ole wake aliyejaribu kuiba zamu ya mwenzake. Tulipigana kwa ajili ya kiti kile kuliko tulivyowahi kupigana kwa ajili ya nyama.

Kisha ikaja surua, ikatulaza sote wawili kwenye mkeka mmoja. Nakumbuka joto, nakumbuka mguu wake juu ya mguu wangu. Siku niliyofumbua macho nikaona vizuri, mkeka ulikuwa na nafasi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga.

"Justin iko wapi?"

"Alienda kutafuta kuni," akasema Mama bila kugeuka. "Hapana lia, mama. Mapasa hapana kumulilia. Atarudia."

Sasa mnaelewa, lakini mimi nilikuwa na miaka sita. Kwao Mama pacha hafi. Halii mtu, hafungi mtu kitambaa cha msiba, na neno lenyewe la kifo halitajwi mbele ya aliyebaki, asije akamfuata mwenzake. Husemwa tu kwamba amekwenda kutafuta kuni. Naye huzikwa kwenye njia panda, ili asikose njia. Kambi nzima ilijua kwamba ndugu yangu amelala pale chini, mwisho wa bustani, ambapo njia ya trakta inakutana na njia ya wanawake ya kwenda msituni. Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Mimi nilijua ameenda kuni, na nilichoshangaa ni kwamba hakuchukua panga.

Nilimngoja. Mama aliendelea kuweka sahani mbili, na mwezi ulipoandama alinipaka alama yangu, kisha akapaka alama ya pili kwenye mwimo wa mlango, upande ambao Justin alipenda kuegemea. Papa aliponiita nipande Mbuzi jioni, nilikataa. Niliyekuwa nimepanda mara ya mwisho kabla ya ugonjwa ni mimi. Zamu ilikuwa yake. Papa hakubishana, aliiwasha mashine akaenda zake bandani peke yake, ameketi katikati ya kiti.

Kadiri siku zilivyopita nikaanza kuogopa kwamba Justin ametusahau. Msitu ni mkubwa, na yeye hakuwa hodari wa njia. Mwimo wa mlango hauonekani kutoka msituni. Lakini Mbuzi, nilifikiri, Mbuzi hufika mpaka ukingo wa msitu kila asubuhi, na kishindo chake husikika mbali. Ikiwa na alama, Justin akiiona atajua kwamba ni ya kwetu. Basi nikaiba kipande cha udongo mweupe kutoka kikapu cha Mama, nikakilowesha kwa mate, nikaingia bandani wakati Papa alipokuwa akinawa. Paji la uso la Mbuzi, kwa akili yangu, lilikuwa kifuniko cha tangi, duara dogo la shaba pale juu. Katikati yake palikuwa na kitundu, nikaona ndipo pa kuanzia. Nikabonyeza kwa kidole gumba kama Mama anavyobonyeza. Mara nikasikia hatua za Papa. Nikapangusa kwa kiwiko kile kilichoonekana, nikatoka mbio.

Asubuhi ya pili yake Mbuzi ilijazwa petroli mpaka juu kama siku zote, ikawashwa, ikashuka bustani, ikapanda, ikashuka. Mimi nilifuata nyuma na watoto wengine tukiokota mizizi. Iliposhuka mara ya tatu na kufika njia panda, ikakohoa mara mbili. Ikafa.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nawaambia ukweli, sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Papa alishuka. Alifanya anachofanya fundi yeyote, alifungua kifuniko cha tangi aone kama petroli imekwisha. Ikatoka pumzi ile, fyuuu. Papa akaruka nyuma hatua moja. Petroli ilikuwa tele. Akatazama chini kwenye nyasi, akatazama tangi, kisha taratibu akavua kofia yake. Midomo yake ilicheza. Nilidhani anaitukana Mbuzi kimyakimya, maana alikuwa mtu wa kanisa na hakutaka watoto tusikie.

Alifikiri ni joto, kwa sababu baada ya kungoja ipoe, ikawaka mara moja na kufanya kazi mpaka jioni. Lakini kesho yake ikafa palepale. Na keshokutwa. Papa alikuwa na namna yake ya kutafuta ugonjwa wa mashine: jambo moja kwa siku moja, na kila kilichofunguliwa alikipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa kufunguliwa, asije akafunga leo akabakiwa na msumari. Siku ya kwanza alifungua buji, ile plagi ya cheche, akaisugua masizi, akaigusisha chuma na kuvuta kamba mpaka cheche ya buluu ikaruka. Siku ya pili alifungua kabureta, akakizibua kijitundu chake kwa chelewa ya ufagio. Siku ya tatu alichuja petroli yote kwa kitambaa cha Mama. Siku ya nne alifunika injini kwa magunia yaliyoloweshwa mtoni, mvuke ukapanda kama wa jikoni, na Mbuzi ikafika njia panda imevaa magunia yake kama bibi mwenye homa, ikafa.

"Esansi iko. Moto iko," nilimsikia akiiambia, amechuchumaa, kidole kimelowa petroli. "Alors, juu ya nini unakufa?"

Alifungua kila kitu cha mashine ile. Kifuniko alikifungua kila asubuhi, akakishika mkononi huku kofia iko kwenye mkono mwingine, na hakukiangalia hata mara moja. Nimefikiri sana juu ya hilo. Naona alitafuta kila mahali isipokuwa pale alipoogopa kupata.

Watu wakaanza kunong'ona, na mnajua kambi, ukipiga chafya upande huu wanakupa pole upande ule. Watoto tulikatazwa kufuata mashine. Wanawake wa kuni walianza kuzunguka njia ya mbali. Siku moja kapita, yaani msimamizi wa vibarua, alikuja barazani kwetu na kusimama bila kukaa, jambo ambalo kwetu si dalili ya heri.

"Fundi, batu banaogopa," alisema. "Bamesema habatalima tena ile fasi ya chini. Banasema ile mashine inasimamishwa."

"Inasimamishwa na nani?" akauliza Papa.

Kapita alinitazama mimi, akatazama miguu yake. "Weye mwenyewe unajua, fundi."

Mimi pia nilijua! Nilitaka kupiga kelele kwamba ni Justin, ameiona alama, anaisimamisha Mbuzi ili apande, kwa kuwa zamu ni yake. Ila sikuweza kusema bila kusema nimeiba udongo. Nikakaa na siri yangu tumboni kama mtoto aliyekula sukari ya wageni.

Miche iliyokuwa bora zaidi ilikuwa kule chini karibu na maji, nayo ikaanza kumezwa na majani. Lori likaondoka nusu tupu siku mbili mfululizo. Alhamisi Bwana Saladi alikuja mwenyewe, amevaa kaptura yake, uso mwekundu kama nyanya zake. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Samedi," alisema, yaani Jumamosi. "Kama samedi mashine iko nakufa bado, mimi nitatafuta fundi ingine mu mji. Na nyumba iko ya fundi. Unasikia?"

"Ninasikia, Bwana," akajibu Papa.

Mama alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mimi nilisikia neno moja tu, nyumba. Tukiondoka, mwimo wa mlango wenye alama utabaki. Justin atarudi na kuni zake kichwani, agonge, afunguliwe na watu wasiomjua. Nani atamwambia tulikokwenda? Maji yalinifika shingoni nikiwa na miaka sita, na ndipo nilipoamua kwenda kumwambia mwenyewe.

Ijumaa mchana nilichukua nusu yake ya lituma kwenye sahani yake, nikashuka peke yangu mpaka njia panda. Palikuwa kimya, hata maporomoko ya Tshopo yalisikika kwa mbali tu. Nikasimama nikaelekea msitu. "Justin," nikasema, "acha kusimamisha Mbuzi. Wanatufukuza. Uje tu kwa miguu." Hakujibu. Niliposogea kuweka sahani kwenye nyasi nikaona kikombe chake. Kile cha bati, chenye ukingo wa buluu, kimefunikwa juu ya udongo ulioinuka kidogo, na kitako chake kimetobolewa. Nilisikitika sana. Kumbe alipita hapa, nikafikiri, akadondosha kikombe, kikatoboka, na sasa anakunywa maji ya kijito kwa mikono.

Nilikichukua nikakipeleka nyumbani kwa Mama, nikamwambia Papa akizibe.

Mama alikitazama kikombe mkononi mwangu. Alikichukua kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya kitambaa chake, akatoka, akashuka bustani mbiombio bila viatu. Alikaa sana. Aliporudi alikuwa na kikuni kimoja kikavu, chembamba kama kidole, na macho yake yalikuwa mekundu, ingawa aliniambia hakulia. Watoto huamini wanachoambiwa.

"Ulimuona?" nikamuuliza.

"Iko na kuni mingi," akasema Mama. "Atazileta pole pole." Akakiweka kile kikuni kwenye mafiga, na jioni ile kilikuwa cha kwanza kuwaka.

Jioni hiyohiyo alifika Tonton Raphaël, kaka yake Mama, fundi wa injini za mashua pale bandarini. Papa alikuwa amemtumia salamu kwa dereva wa lori. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko, asiyeogopa kitu isipokuwa maji, jambo la aibu kwa mtu wa mashua, na Mama alimtania kwa hilo maisha yao yote. Alikula lituma yetu yote, akaramba vidole, akamwambia Papa, shemeji yake, "Bokilo, nielezee ile ugonjwa."

Papa akamwelezea kila alichofungua. Akamwambia kuhusu magunia ya maji. Kuhusu kofia hakusema.

"Na mchana?" akauliza Tonton. "Saa sita, saa nane?"

"Mchana inatembea muzuri."

"Bon. Donc asubuhi, na baridi, inakufa. Mchana, jua inachoma mpaka mawe, haikufe. Ile joto gani inaogopa jua?" Alicheka, lakini Papa hakucheka. Tonton akaacha. Akamsogelea shemeji yake, akasema kwa sauti nyingine, "Bokilo. Mashine haina na moyo. Haiwezi chagua fasi ya kufia."

"Weye hukusikia inavyofanya," akasema Papa. "Nikifungua tangi. Hukusikia."

Jumamosi asubuhi kambi nzima ilikuwa imesimama kando ya matuta, na Bwana Saladi kando yake. Papa alijaza tangi. Mbuzi ikashuka, ikapanda. Tonton alitembea ubavuni mwake jasho likimtiririka, na mkono hakuuweka kwenye injini kama nilivyotegemea, aliuweka juu ya tangi. Mara ya tatu, njia panda, ikakohoa mara mbili. Watu wakarudi nyuma. Papa akavua kofia, akanyoosha mkono kufungua kifuniko.

"Ngoja," Tonton akasema. Aliinama akaweka sikio lake karibu, akakilegeza kifuniko mwenyewe, kidogo kidogo. Fyuuu. Nilikuwa nimejipenyeza mpaka karibu na gurudumu, nikaiona ngozi ya mkono wa Papa ikisisimka.

"Ile sauti haitoke," akasema Tonton, "inaingia. Sikia muzuri, bokilo. Tangi inavuta hewa. Esansi inashuka mu injini, na hewa hapana kuingia juu, mpaka mashine inakosa kunywa. Asubuhi tangi inajaa, hewa iko kidogo, njo maana inakufa mbio. Ukifungua, inapumua, unasema imepoa." Alikiinua kifuniko, akakichungulia kuelekea angani. Mwanga haukupita. Akachomoa waya kutoka mfukoni, akaudunga kwenye kitundu, akapiga kifuniko kwenye kiganja chake.

Kikaanguka kipande kidogo, kikavu, cheupe.

Tonton alikigeuzageuza kwa kidole. Alikuwa mtoto wa Yahuma, alijua anachokiona. Papa pia aliona. Alikitazama kiganja kile, kisha akanitazama mimi, moja kwa moja kwenye paji la uso, na nilijua kwamba amejua. Sijui nilitegemea nini. Fimbo, labda.

"Iko nini?" Bwana Saladi akauliza kutoka mbali.

"Vumbi, Bwana," akajibu Papa. "Vumbi ya njia tu."

Tonton alifunga kiganja. Papa akarudisha kifuniko, akavaa kofia, akavuta kamba. Mbuzi ikawaka. Akapanda, akaketi, akaiendesha mbele, nayo ikaipita njia panda. Ikaipita tu, kama mahali popote, ikazunguka na kuanza kupanda matuta, na watu wakashangilia, na Bwana Saladi akapiga makofi mara mbili akageuka kwenda kwenye lori lake.

Mimi nilikimbia nyuma ya moshi. "Papa, simama!" nilipiga kelele. "Papa! Justin hajapanda bado! Hajapanda!" Sauti yangu ilimezwa na injini, lakini walio karibu walisikia, na makofi yakafifia. Papa hakugeuka. Nilimwona mgongo wake tu, umenyooka sana, ukipanda kilima. Nikasimama njia panda, karibu na kile kikombe ambacho kilikuwa kimerudi mahali pake, kimefunikwa vilevile. Niliutazama ule udongo ulioinuka. Urefu wake ulikuwa urefu wangu. Hakuna aliyenieleza, wala hapakuhitajika maelezo.

Nilimkuta Papa bandani, amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alikuwa ameishinda kazi, ametuokolea nyumba, na alikuwa akilia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akilia, na kwa pacha ilikuwa mwiko mkubwa. Nikamwambia, "Papa, ni mimi." Akasema anajua. Akanivuta akanikalisha mapajani, mikono yake ikinuka petroli.

"Kila asubuhi nilikuwa namupa habari yako," alisema. "Namuambia, Justine anakula muzuri. Justine amepata nguvu. Nilisema anasimamisha mashine juu ya kutusikia." Akakishika kidole gumba changu. "Kumbe iko udongo."

Nyumba tuliilinda, na mnaweza kusema mambo yaliisha vizuri. Lakini mimi ndiye niliyemrudisha ndugu yangu kwa Papa kwa kidole gumba, na kwa sababu yangu akampoteza mara ya pili, mbele za watu, akiwa hana ruhusa ya kulia. Nimezaa, nimezika, nimefanya makosa makubwa kuliko lile. Hakuna linalonirudia kama hilo.

Jumatatu Mbuzi ilijazwa petroli mpaka juu. Nilikuwa mlangoni na Mama, nikisikiliza. Ikashuka, ikapanda, ikashuka mara ya tatu. Kule chini, ikanyamaza. Mama akashika mwimo wa mlango. Nilikimbia mpaka mahali ninapoweza kuona.

Haikuwa imekohoa. Papa mwenyewe alikuwa ameizima. Alikuwa ameketi juu yake katika njia panda, kofia iko gotini, na alikuwa amesogea upande, kwenye ukingo kabisa wa kiti cha chuma, akaacha nusu wazi. Akangoja kwa muda ambao mtoto mdogo anahitaji kupanda. Kisha akavaa kofia, akashuka akavuta kamba, akarudi kuketi palepale pembeni, akaiendesha kilimani pole pole hivyo, amebana nusu ya kiti, kama mtu anayeogopa kumwangusha mwenzake.